Boriti mbili zina kasoro, nimeambiwa nibandike "kaboni". Wa Kisumu na Nakuru mnaojua mjengo, njooni hapa

MwenyePlotiKSM (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Ninasimamia jengo la mamangu hapa Kondele, Kisumu, ghorofa tatu za nyumba za kupangisha juu ya maduka. Boriti zina urefu wa mita 5, upana milimita 200, kimo 450 pamoja na slabu (sakafu ya konkriti), na zimeachana mita 3. Michoro ninayo. Inaonyesha nondo tatu za Y16, yaani za nguvu ya juu zenye kipenyo cha milimita 16, upande wa chini.

Nimepata mpangaji anayetaka ghorofa ya kwanza yote iwe stoo ya vitabu vya shule na karatasi za fotokopi. Kodi anayotoa ni ya maana. Kabla ya kutia sahihi nikaona tung'oe ile dari ya jipsamu juu ya maduka, na ndipo tukakuta mambo. Boriti moja, tuiite A, fundi wa bomba aliitoboa zamani upande hadi upande apitishe bomba la maji taka la inchi nne. Nondo moja ya chini imekatwa kabisa, ncha zake mbili zinachungulia ndani ya tundu. Boriti nyingine, tuiite B, iko chini ya bafu. Ina ufa unaofuata urefu wake wote na madoa ya kutu.

Mkandarasi mmoja alikuja, akatazama juu kidogo, akasema dawa ni mikanda ya kaboni ya kubandikwa kwa gundi kwenye boriti zote nane. Anasema mkanda una nguvu mara sita ya chuma, kwa hivyo hata stoo haitakuwa na shida. Sasa jamani, gundi ishike ghorofa? Ni kweli au naibiwa?

SinaHarakaMimi

Gundi ya kushika ghorofa. Tumefika mbali Kenya hii.

FundiWaMamboleo

Usicheke kijana, kitu hicho kipo. Mimi ni fundi wa mawe na konkriti, nimekishika kwa mikono yangu kwenye mjengo mmoja hapa mjini, ingawa wenye kubandika walikuwa wengine, sisi tulikuwa tunachimba tu.

Mwenye ploti, nijibu haya kwanza. Tundu la bomba liko umbali gani kutoka kwenye nguzo? Na je, kuna ufa wa mshazari unaotoka kwenye nguzo kupanda kuelekea katikati? Ufa wa kusimama katikati ya boriti mimi huwa sishtuki nao sana. Ule wa mshazari ndio hunifanya nitoke chini ya jengo.

MwenyePlotiKSM

Asante mzee wangu. Tundu liko kama mita moja na nusu kutoka kwenye nguzo. Ufa wa mshazari sijauona kwenye boriti yoyote. A ina nyufa nyembamba za kusimama, kadi ya simu haiingii.

MhandisiZiwani

MwenyePloti, hujaibiwa bado, ila umeambiwa nusu ya habari.

Mkanda wa kaboni ni kitu halali na kina historia. Tangu miaka ya 1960 Ufaransa na Afrika Kusini walikuwa wakibandika bamba za chuma chini ya boriti kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya. Ilishika, lakini bamba ni zito kulipandisha, na linakula kutu upande wa gundi ambako huoni. Baadaye maabara ya EMPA kule Uswisi, chini ya Urs Meier, ikajaribu nyuzi za kaboni badala ya chuma, na mwaka 1991 mikanda ikabandikwa kwenye daraja la Ibach karibu na Lucerne. Kisa chenyewe utakipenda: watu waliokuwa wakitoboa daraja wafunge taa za kuongozea magari walikata kebo ya chuma iliyokuwa imekaza konkriti. Kilo 6.2 za kaboni zikafanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za bamba la chuma. Kwa hivyo fundi wako wa bomba ana wenzake Ulaya.

Sasa hiyo "mara sita". Laminati ya kawaida, yaani mkanda huo wa kaboni, yenye unene wa milimita 1.2 hukatika mkazo wake (nguvu kwa eneo) ukifika megapaskali 2800 hivi. Chuma cha Y16 yako kikifika 460 huanza kunyumbuka bila kurudi. Gawanya, unapata sita. Shida ni kwamba mkanda uliobandikwa chini ya boriti haufiki 2800, kwa sababu konkriti iliyoshikwa na gundi huachia kwanza. Boriti ikipasuka, mkanda unaanza kubanduka pale penye ufa, unaelekea mwishoni, na unatoka na ngozi nyembamba ya konkriti mgongoni mwake. Gundi mara nyingi huikuta ikiwa nzima. Mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, una kanuni ya kukadiria mahali pa kubanduka. Nimeweka vipimo vyako na konkriti ya megapaskali 20 kwa kipimo cha silinda: mkanda mmoja wa upana wa milimita 80 unaruhusiwa kuvutika kama 0.0041 ya urefu wake, basi. Huo ni mkazo wa megapaskali 680. Haujafika hata robo ya ile 2800 unayouziwa.

Kwa nguvu halisi ni kama kN 65 kwa mkanda (kN, kilonyutoni, ni kama uzito wa kilo 100). Nondo zako tatu zikiwa nzima zinatoa kN 240 kwenye hesabu za usanifu, na boriti inabeba momenti, yaani nguvu ya kuipinda, ya kama kNm 87. Mkanda mmoja, ukishapunguza kwa tahadhari inavyotakiwa, unaongeza 22 au 23. Ni robo. Kwa boriti iliyopoteza nondo, robo ni kitu kikubwa. Lakini mtu asikuambie mara sita.

SinaHarakaMimi

Nimenyamaza. Endelea Injinia.

MwenyePlotiKSM

Shukrani sana Injinia. Kwa hivyo nikiweka mikanda minne au mitano kwa kila boriti, stoo inawezekana?

MhandisiZiwani

Hapana, na hapo ndipo ninapotaka utulie usome polepole, kwa sababu kuna pesa za kodi mbele yako.

Nyumba za kuishi husanifiwa kwa mzigo wa kN 1.5 kwa mita mraba: watu, vitanda, kabati, sufuria. Stoo ya karatasi, kwa BS 6399, kanuni ya Uingereza ya mizigo ambayo imetumika sana hapa kwetu, ni kN 4 kwa kila mita moja ya kimo cha marundo. Mpangaji wako akirundika mpaka mita mbili, umefika 8. Ukijumlisha na uzito wa slabu, kuta na boriti yenyewe, kisha vipengele vya usalama, kila mita ya boriti inatoka kN 34 inaenda 65. Karibu mara mbili.

Utasema basi tuongeze mikanda. Mwongozo uleule wa Marekani unauliza swali jingine kabla ya kukuruhusu: kaboni ikitoweka usiku mmoja, boriti itabaki imesimama? Boriti tupu lazima ibebe mara 1.1 ya uzito wa jengo pamoja na robo tatu ya mzigo wa matumizi. Na mahali pa stoo au maktaba, ambapo mzigo hauondoki, unahesabu mzigo wote, si robo tatu. Kwako inatoka momenti ya kama 112, nayo boriti nzima ina 87. Imeanguka mtihani kabla gundi haijafunguliwa. Kwa nyumba za kuishi inatoka kama 61, inapita vizuri.

Kwa hivyo kaboni inaweza kukurudishia jengo ulilokuwa nalo. Jengo la aina nyingine haikupi.

MulembeKK

Mulembe wote. Niko Kakamega, nasomea uhandisi wa ujenzi. Dada Injinia, kwa nini watu waogope kaboni itoweke? Kaboni haipati kutu.

MhandisiZiwani

MulembeKK, kaboni haina shida, epoksi ndiyo yenye shida. Gundi za kawaida za kukauka kwenye saiti hulainika zikifika nyuzijoto 60 hadi 82. Moto wa nyumba unapita hapo mapema mno, na kaboni yako inabaki inaning'inia tu. Ndiyo maana boriti tupu lazima iweze kusimama peke yake wakati watu wanakimbia.

MwenyePloti, duka lililo chini ya A ni la nini?

MwenyePlotiKSM

Chipsi na samaki wa kukaanga. Karai liko moja kwa moja chini ya boriti. Moshi umeipaka A rangi nyeusi kabisa.

SinaHarakaMimi

Hahaha. Uzi umekolea mafuta.

FundiWaMamboleo

Mama wa chipsi asogee. Na huo mweusi si masizi tu, ni mafuta yameingia konkriti. Hapo hata plasta haishiki, sembuse gundi ya Wazungu. Utasaga mpaka upate konkriti safi.

Lakini mimi nina swali kwa Injinia. Kwa A, kwa nini nisichimbe kwa tindo nifunue nondo, niweke kipande kingine kando yake nifunge waya, nirudishie konkriti? Sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya kabla ya kaboni.

MhandisiZiwani

Mzee, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Inawezekana. Ila kipande kinahitaji kupishana na nondo ya zamani kama mara 40 ya unene wake, yaani milimita 640 kila upande wa tundu. Utafunua boriti zaidi ya mita moja na robo, uzunguke nyuma ya nondo, na nondo mbili zilizobaki pia zitafunuliwa humo humo. Wakati wote huo sakafu iliyo juu inakaa juu ya nguzo za muda. Na kuchomelea si jibu la haraka: nondo za nguvu ya juu si zote zinavumilia moto wa kuchomelea. Kwa A, kama konkriti ni nzuri, naona mikanda miwili inasumbua jengo kidogo zaidi. Kama konkriti ni mbaya, tutarudi kwenye tindo yako.

NyundoYaSchmidt

Na hapo ndipo sisi watu wa vipimo tunapoingia. Nimeona watu wengi wakinunua mikanda kwanza, wakipima baadaye. Mkanda kwenye konkriti iliyochoka ni kiraka cha ngozi kilichoshonwa kwenye gunia lililooza: kiraka hakichaniki, gunia ndilo linaloachia.

Unahitaji vitu vitatu, mwenye ploti. Kwanza vipande vya silinda vichimbwe kwenye boriti vikavunjwe maabara, ukiepuka nondo. Chini ya megapaskali 17 mwongozo unasema usibandike. Nyundo ya Schmidt, kile kifaa cha kugonga uso wa konkriti kukadiria ugumu wake, nitaitumia kupapasa pande zote nijue pa kuchimba, lakini namba zake peke yake usizijengee, hata kama jina langu humu linatokana nazo. Pili, kipimo cha kuvuta: tunasaga, tunabandika kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 50, tunakata mduara kuzunguka, tunakivuta mpaka king'oke. Inatakiwa kufika angalau megapaskali 1.4, ambayo kwa kisahani hicho ni kama kilo 280. Na ninaangalia kilichong'oka na nini. Kikitoka na bonge la konkriti lenye kokoto, nafurahi. Kikitoka na unga unga, mkanda wako ungetoka hivyohivyo.

Tatu, kwa B hasa, tunatindua kidogo na kupuliza fenolfthalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi. Konkriti yenye afya inageuka waridi iliyokolea palepale. Ile iliyokwisha kuchoshwa na hewa haigeuki rangi. Ukiona pasipogeuka pamefika kwenye nondo, kutu ina mlango wazi.

UpepoWaMenengai

Nimechelewa, nilikuwa saiti. Mimi ni mkandarasi mdogo hapa Nakuru, kazi hii ya mikanda na vitambaa vya kaboni tunaifanya. Naunga mkono yote ya Injinia na ya Nyundo, ila nataka niseme ya saiti yenyewe, kwa sababu mahesabu yakiwa mazuri na mikono ikiwa michafu, umepoteza pesa.

Sehemu ya kubandika inasagwa kwa grainda ya diski ya almasi mpaka lile tabaka la maziwa ya simiti liondoke na uone kokoto. Vumbi linavutwa kwa mashine. Usilifute kwa kitambaa chenye maji, konkriti inatakiwa iwe kavu. Mkanda wenyewe unafutwa kwa kitambaa cheupe chenye kiyeyushi mpaka kitambaa kisitoke cheusi tena. Watu wengi huchoka kabla ya hapo.

Gundi tunayoitumia inakuja makopo mawili, moja nyeupe moja nyeusi, tatu kwa moja kwa uzito. Unachanganya kwa mashine ya mwendo wa polepole, usiingize hewa, mpaka ibaki kijivu kimoja bila mistari. Ukiona mstari mweupe, bado. Unapaka nyembamba kwenye boriti, na kwenye mkanda unapaka kwa umbo la paa, katikati juu kuliko kingo, ili hewa itoroke pembeni unapobonyeza. Kisha rola ya mpira ngumu, kutoka katikati kwenda mwisho, mpaka gundi itoke kingo zote mbili sawasawa. Isipotoka upande mmoja, kuna hewa umeifungia. Ikishakauka unapita na sarafu ukigonga. Penye utupu panajibu kwa sauti nyingine, hata mtoto atakuonyesha.

Kisumu joto lenu litawasumbua: gundi ikiwa kwenye kopo jingi inajipasha yenyewe na kuganda mkononi. Changanyeni kidogo kidogo, anzeni asubuhi. Sisi Nakuru asubuhi ndiyo mbaya, konkriti ya baridi inatoa jasho. Tunapima, uso uwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa huanza kutoa matone), la sivyo tunakunywa chai tukisubiri jua.

Na glavu. Epoksi ikikukataa ngozi, imekukataa maisha. Nina kijana wangu mmoja hawezi tena hata kusimama karibu na kopo.

MulembeKK

Swali kwa wote: kwa nini tusitumie mkonge? Upande wa Mogotio kuna mashamba ya mkonge. Kaboni yote inaagizwa nje.

UpepoWaMenengai

Swali la kizalendo hilo, na mashamba yenyewe nayapita nikienda saiti. Injinia atajibu.

MhandisiZiwani

Mkonge umejaribiwa maabara nchi nyingi, sio ndoto. Nguvu yake ya kuvutwa si mbaya, lakini ni laini: ugumu wake ni gigapaskali (megapaskali elfu) 10 hadi 20 hivi, chuma ni 200, laminati ya kaboni ni kama 165. Kitu laini sambamba na chuma kinamwachia chuma kazi yote mpaka boriti imeshapasuka sana. Halafu unanyonya maji, na ndani ya simiti alkali inaula. Kwa kuzuia plasta isipasuke, au kwa ukuta wa matofali, hapo mkonge una nafasi. Chini ya boriti ya ghorofa tatu, mwachie mtu mwingine ajaribu kwanza.

Nyuzi za kioo ni za bei nafuu kuliko kaboni, lakini zikibeba mzigo wa kudumu huchoka: mwongozo unakuruhusu moja ya tano tu ya nguvu zake, wakati kaboni unaruhusiwa zaidi ya nusu. Mimi kwa boriti sizitumii. Kwa kuzungushia nguzo nazikubali.

Na kwa kuwa umegusa ugumu, MwenyePloti, jambo moja usilotarajia: boriti iliyobonyea haitanyooka kwa mkanda. Mkanda wako wa 80 kwa 1.2 una ugumu kama asilimia 13 tu ya nondo zako tatu. Pia haubebi mzigo uliokuwepo siku ya kubandika, isipokuwa mwanzo uinue boriti kidogo kwa jeki na propu (nguzo za muda), ubandike, gundi ikomae, ndipo uteremshe. Kwa A nitasisitiza hilo, kwa sababu nondo mbili zimekuwa zikibeba kazi ya tatu kwa miaka.

FundiWaMamboleo

Hapo kwenye jeki nakubaliana kabisa. Na propu zisikae juu ya vigae vya duka. Mbao nene chini, na kama udongo ni huu mweusi wetu, hakikisha haujalowa.

UpepoWaMenengai

Umenikumbusha udongo mzee. Huku kwetu watu huniita niwabandikie kaboni kwenye nyufa zinazotoka ardhini. Nakuru tumekaa kwenye majivu ya volkano na mipasuko ya Bonde la Ufa, mvua ikipiga sana ardhi inatitia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1928 tetemeko la Subukia lilifika ukubwa wa karibu 7. Boriti ikipasuka kwa sababu nguzo moja imezama, mkanda hauna kazi hapo. Nawaambia wachimbe waone msingi, na nusu yao hawanipigii tena.

MwenyePlotiKSM

Wadau, nimerudi. Nilimleta injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, pamoja na watu wa maabara. Majibu ndiyo haya.

A: silinda tatu, megapaskali 21, 19 na 23. Kuvuta, baada ya kusaga yale mafuta, 1.9 hadi 2.3, na visahani vyote vimetoka na kokoto. Fenolfthalini imegeuka waridi karibu yote.

B: silinda 12 na 14. Kuvuta 0.7. Ile dawa haikugeuka rangi popote, kuanzia usoni hadi kwenye nondo. Ringi mbili, vile vyuma vinavyozunguka nondo, zimeliwa na kutu hadi unaweza kuzivunja kwa koleo. Injinia anasema bafu la juu limekuwa likivuja muda mrefu.

Boriti nyingine sita ziko sawa, hazihitaji kitu.

NyundoYaSchmidt

Kwa hivyo kati ya zile nane za mkandarasi, inayofaa kaboni ni moja.

SinaHarakaMimi

Moja kati ya nane 😂 Na B je? Ibomolewe?

MhandisiZiwani

Haibomolewi. B haiguswi na kaboni, hilo namba zimeshasema. Ukiifunika kutu kwa mkanda, inaendelea kufura ndani, inasukuma kava (konkriti inayofunika nondo), na siku moja inakuletea mkanda na konkriti pamoja kichwani. Kwanza bafu lirekebishwe, maji yakome. Kisha propu, konkriti mbovu ichimbwe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, zilizoliwa sana ziongezewe nondo mpya zenye kupishana kwa kutosha na ringi mpya, halafu boriti ivalishwe koti la konkriti mpya upande wa chini na pande mbili. Itanenepa, dari itashuka kidogo. Mzee wa Mamboleo anaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Wengine sasa wanatumia nyavu za nyuzi zilizozamishwa kwenye chokaa ya simiti badala ya epoksi. Zinavumilia joto na unyevu vizuri zaidi. Lakini hata hizo zinahitaji konkriti ya kushikia, na B haina.

Kwa A: bomba litoke, tundu lizibwe kwa chokaa ya simiti ya ukarabati isiyosinyaa, mikanda miwili ya 80 chini, na kitambaa cha kaboni cha umbo la U pale penye tundu na kwenye miisho yote miwili, maana mwisho wa mkanda ndipo hupenda kuvuta kava lote chini. Kona za boriti zisagwe ziwe mviringo wa angalau milimita 13 kabla ya kitambaa kupita, vinginevyo kona inakata nyuzi. Na zile ncha za nondo zilizo wazi zifunikwe kabisa. Kaboni ikigusana na chuma penye unyevu, chuma ndicho kinaliwa.

FundiWaMamboleo

B nipe mimi. Koti la konkriti usimpe mtu wa kumwaga kwa karai kutoka juu. Tunafunga fomu zenye mdomo pembeni, konkriti ya kokoto ndogo, na vaibreta inashika mbao kwa nje. Ukiacha hewa chini ya slabu umefanya kazi bure.

MwenyePlotiKSM

Sawa mzee, nitakutafuta kwa ujumbe. Na mpangaji wa vitabu nimeongea naye. Duka la nyuma liko chini, sakafu yake imemwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, halina boriti chini. Injinia amesema hapo arundike apendavyo, mradi asiegemeze kwenye ukuta. Amekubali kwa kodi ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza. Mamangu amenuna, ila amekubali pia.

Mama wa chipsi anahamia lile duka la kona lenye paa la bati. Anauliza kama nitamlipia bango jipya.

SinaHarakaMimi

Mlipie omera. Na utuletee picha za A ikibandikwa.

UpepoWaMenengai

Kabla ya picha: atakayebandika mwambie aache vipande vya majaribio ukutani pembeni, gundi ileile na siku ileile, ili Nyundo aje avivute baadaye. Akikataa, mtafute mwingine. Na makopo matupu yahifadhiwe mpaka kazi ipokelewe, namba za bechi na tarehe za mwisho wa matumizi zisomwe na injinia wako. Nimewahi kuletewa saiti gundi iliyokuwa imepitwa na wakati, stika mpya juu ya stika ya zamani.

MwenyePlotiKSM

Nimeandika yote. Kibali cha kaunti kikitoka tunaanza na bafu.